Pigo, Baka na Ukoma: Uhakiki wa Majina ya Magonjwa ya Ngozi katika Walawi 13

Katika sura zote za Torati zilizotiwa katika Kiswahili, ni chache zisomwazo kwa haraka na kuelezwa kwa uchache kama sura ya 13 ya Mambo ya Walawi. Mwalimu akifika hapo huivuka upesi, kama mtu avukaye penye matope akiwa na viatu vipya. Sababu yajulikana: habari za vipaku na usaha na nywele zilizogeuka rangi hazipendezi masikio, na kuhani anayezichungua haonekani kuwa na la kutufundisha. Sisi twaona kinyume chake. Sura hii ni mojawapo ya maandishi ya kale yanayoyapanga madhara ya ngozi kwa utaratibu, na tafsiri yake ya Kiswahili, ile ya Union Version iliyotoka mwaka 1952, ina uzuri kuliko tunavyodhani. Ina pia kosa moja kubwa, ambalo wafasiri wetu walilirithi kwa wakubwa wao, nalo limewaumiza watu wasiokuwa na hatia.

Tuanze na sifa, maana zimestahili. Katika mstari wa pili Mwebrania ataja mambo matatu yatokeayo katika ngozi ya mtu, na wafasiri wakayaita kivimbe, kikoko, na kipaku king'aacho. Maneno hayo hayakuokotwa ovyo. Kivimbe ni kitu kilichoinuka. Kidole kikipita juu yake hupanda na kushuka. Kikoko ni ganda lililokaukia juu ya ngozi. Kipaku hakikuinuka wala hakina ganda. Rangi tu ndiyo iliyobadilika, na mtu akifumba macho na kupapasa hatakiona. Basi kwa maneno matatu msomaji amekwisha kupewa njia za kutazama, na tabibu wa ngozi wa leo angeanza vivyo hivyo. Robert Willan, tabibu wa London, alipoanza kutoa kitabu chake cha magonjwa ya ngozi mwaka 1798, hakuyapanga kwa visababishi vyake, bali kwa sura yaonekanayo. Akayafanya makundi manane: vipele, magamba, wekundu wa ngozi, malengelenge makubwa, vipele vya usaha, malengelenge madogo, vinundu, na mabaka. Mpango huo umetengenezwa mara nyingi tangu siku hizo, walakini msingi wake haujaondolewa. Matabibu wa sasa huongeza tofauti nyingine, yaani lile litokealo kwanza na lile lifuatalo. Lengelenge ni la kwanza. Likipasuka na kukauka, kikoko ni cha pili. Kovu huja mwisho. Mgonjwa aletwaye na kikoko sharti aulizwe kabla ya kikoko palikuwa na nini.

Hapa Kiswahili chetu kina msaada ambao wageni wengi hawanao, nao umefichwa ndani ya ngeli. Tabibu hutenga kipele na kinundu kwa ukubwa, na mpaka wake ni kama sentimita moja. Kadhalika ana jina moja la baka dogo na jina jingine la baka kubwa. Huko kwao majina hayo yalipaswa kutafutwa katika Kilatini. Kwetu mtoto asiyekwenda shule husema kidonda na donda, kijipu na jipu, kinundu na nundu, wala hajui kwamba amepanga kitu. Tena ukubwa huo si wa kipimo peke yake. Donda lina ubaya ndani yake, na wazee wakitaka kutaja lile linalokula nyama na kuenea husema donda ndugu. Neno moja tu limekataa utaratibu huu mzuri: baka dogo lingepasa kuitwa kibaka, lakini Dar es Salaam kibaka ni mwizi wa mifukoni, na hakuna mgonjwa akubaliye kuambiwa kwamba anaye mgongoni. Kwa hiyo wafasiri walifanya vyema kusema kipaku.

Tulipotaka kujua maneno haya yanaishije vinywani mwa watu, hatukwenda mbali. Kariakoo ilipewa jina kwa ajili ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliowekwa hapo baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916, na hata leo ni mahali pa watu wanaobeba. Mwenye kupita katika mitaa ya Mkunguni, Swahili na Msimbazi husikia kila namna ya Kiswahili, na wauzao dawa za mizizi na magome hutaja maradhi ya ngozi kwa ufundi unaotushangaza. Harara haichanganywi na upele, wala choa na mapunye, ingawa haya mawili ni ndugu. Mba ni mba, na chunjua ni chunjua. Bega la mchukuzi lililokuwa gumu kwa mizigo halina ugonjwa, lina sugu. Nayo tofauti ya jeraha na kidonda inashikwa sana. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, waliotolewa wakiwa hai waliitwa majeruhi. Hakuna aliyesema kwamba walikuwa wenye vidonda, kwa sababu jeraha latazama kilichotokea, yaani kisu, moto, au ukuta ulioanguka, na kidonda chatazama hali iliyobaki. Jeraha lisilotunzwa huwa kidonda. Kidonda kilichotunzwa huwa kovu. Nabii Isaya, katika sura ya kwanza, aweka mfululizo wa namna hiyo hiyo, na tafsiri yetu imeufuata barabara kwa kutenga jeraha, machubuko na vidonda.

Lakini katika utajiri huo wote kuna pengo. Matabibu wana neno moja linalofunika yote, lililotoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kudhuru au kuumiza, nalo hutumika kwa sehemu yo yote ya mwili iliyoharibika, iwe baka juu ya ngozi, au uvimbe katika ini, au tundu katika utumbo. Mara nyingi vitabu vya afya vya Kiswahili hulifasiri kuwa kidonda. Hapo ndipo twakataa. Kidonda ni mahali ngozi ilipofunguka. Tukisema vidonda vya tumbo twasema kweli, kwa kuwa utando wa ndani umefunguka kama vile ngozi ingefunguka nje. Tukimwita mtu mwenye baka tupu mwenye kidonda, tumesema uongo, naye anajua kwamba tumesema uongo.

Ajabu ni kwamba neno la kufunika lilikuwa limekwisha kupatikana katika sura hii hii. Mwebrania asema nega, neno litokanalo na kugusa na kupiga, na wafasiri wakasema pigo. Linganisha na Kilatini cha matabibu: ni njia moja. Mwili umeguswa na kitu, nacho kimeacha alama, na alama hiyo, kabla hatujaijua ni ya nini, ni pigo. Katika sura yote kuhani huletewa pigo na kulitazama. Jina la ugonjwa huja baadaye, au haliji kabisa. Sisi twalisifu neno hili, ijapokuwa tutarudi kusema mahali lisipofaa.

Na tutazame namna kuhani atazamavyo. Atazama rangi ya pigo na ya nywele zilizo ndani yake. Atazama kama limeingia ndani kuliko ngozi. Asipokuwa na hakika hafanyi haraka, bali humweka mtu peke yake siku saba, kisha hutazama tena: je, limeenea au limekaa? Akiwa bado na shaka huongeza siku saba nyingine. Auliza pia lilianzia wapi, maana pigo lililotokea katika kovu la jipu lina sheria yake, na lililotokea palipoungua moto lina sheria yake, na la kichwa na ndevu, ambalo wafasiri waliliita kipwepwe, lina yake. Rangi, kina, mahali, mwanzo, kuenea, na muda: mambo hayo sita ndiyo tabibu wa leo aandikayo katika kitabu chake, hata kama ana darubini mezani. Tofauti ni kwamba kuhani hakuwa mganga. Hana dawa katika sura nzima. Kazi yake ni kutamka safi au najisi, na utamko huo ni wa ibada.

Sasa twafika penye kosa. Jina ambalo Waebrania waliliweka juu ya mapigo yale yaliyotamkwa najisi ni tsaraathi, na tafsiri yetu imelifanya kuwa ukoma, kila mahali, bila kusita. Wasomaji na wajaribu kuisoma sura kwa jicho la mtu aujuaye ukoma. Katika mstari wa 13, mtu ambaye pigo limemwenea mwili mzima na kumgeuza mweupe wote ametamkwa kuwa safi. Ukoma haumgeuzi mtu mweupe wote. Kutoka mstari wa 47 pigo lile lile limo katika vazi la sufu na la kitani na katika ngozi iliyotengenezwa, na katika sura ya 14 limo katika kuta za nyumba, lina rangi ya kijani au nyekundu, na mawe yake yang'olewa. Ukoma haushiki ukuta. Zaidi ya hayo, alama kubwa kuliko zote za ukoma, kule kutosikia kitu katika baka, haikutajwa hata mara moja katika mistari yote ya sura hizi mbili. Kuhani atazama, hachomi, wala hapitishi unyoya kuuliza kama mtu anahisi. Musa, Miriamu na Gehazi walipopatwa walifananishwa na theluji, na wako wanaofikiri kwamba mfano huo ni wa magamba yaangukayo kuliko wa rangi. Ama yote mawili, si ukoma.

Kosa lilizaliwaje? Wayahudi wa Misri walipoitia Torati katika Kiyunani walichagua lepra, neno linalotokana na gamba, na kwa matabibu wa Kiyunani lepra ulikuwa ugonjwa wa ngozi kuwa na magamba. Ule ukoma wa kweli Wayunani waliuita kwa jina la tembo. Hieronimo akaichukua lepra katika Kilatini. Kisha, katika karne ya 11, Constantinus Mwafrika alipofasiri vitabu vya utabibu vya Waarabu huko Italia, palipoandikwa judham, yaani ukoma wenyewe, Kilatini kiliandikwa lepra. Tangu hapo magonjwa mawili yalivaa kanzu moja, na mtu mwenye ukoma akavikwa sheria ya Walawi ambayo haikushonwa kwa kipimo chake. Willan mwenyewe, alipoandika lepra, alirudi kwa Wayunani na kumaanisha ugonjwa wa magamba, na jambo hilo likazidisha fujo.

Linalotusikitisha ni kwamba Kiswahili hakikuwa na haja ya kuirithi fujo hiyo. Waarabu walikuwa wametenga judham na baras, ugonjwa wa mabaka meupe, na maneno hayo yote mawili yalifika pwani yetu: jedhamu na barasi. Nalo la tatu tunalo, mbalanga, ambalo wazee wa pwani hulitumia kwa mabaka meupe ya mikono na miguu. Mfasiri aliyekuwa Zanzibar au Mombasa alikuwa na kabati lililojaa, akafungua mlango mmoja tu.

Mtu atauliza, kuna ubaya gani? Jina ni jina. Twamjibu kwa habari za ugonjwa wenyewe. Mwaka 1873, Gerhard Armauer Hansen, wa Bergen katika Norway, alikiona kijidudu cha ukoma, na tangu hapo yajulikana kwamba ukoma si laana, wala urithi wa damu. Kijidudu hicho hukaa katika ngozi na mishipa ya fahamu. Mwaka 1966 Ridley na Jopling walipanga wagonjwa katika vikundi vitano, kwa kadiri mwili wa mtu unavyoweza kupigana nacho: huku mwisho mmoja ana baka moja au mawili na vijidudu haba, huku mwisho wa pili ana vinundu na vijidudu vingi sana, na katikati wako wengine. Mpango huo ni wa wenye darubini. Kwa zahanati zisizo nayo, Shirika la Afya la Dunia lilifanya mpango mwepesi kwa kuhesabu: mabaka 1 hata 5 ni ukoma wa vijidudu haba, dawa miezi 6, zaidi ya 5 ni wa vijidudu vingi, dawa miezi 12. Dawa zenyewe, dapsoni, rifampisini na klofazimini, zilianza kupendekezwa pamoja mwaka 1982, nazo hutolewa bure. Mgonjwa aliyeanza kuzimeza, baada ya muda mfupi, haambukizi mtu. Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977. Hata hivyo, katika miaka ya 2010, kila mwaka walivumbuliwa wagonjwa wapya zaidi ya 1,000, na wengine walifika wakiwa wamekwisha kulemaa.

Angalieni basi kwamba mpango huo mwepesi hauhesabu vidonda, wahesabu mabaka. Baka la ukoma haliwashi wala haliumi, na mara nyingi halina kikoko. Limefifia tu, au limekuwa jekundu kidogo kama shaba, na pamba ikipitishwa juu yake mtu hajui. Mchukuzi wa Kariakoo mwenye baka la namna hiyo chini ya bega akiulizwa, «Una kidonda, kaka?» atajibu, «Sina,» naye amesema kweli, na muulizaji atamwandika mzima. Mama lishe aliyeinua sufuria ya moto bila kitambaa, asihisi, ataonyesha kidonda cha kidole mwaka wa tatu, na hapo mishipa imekwisha kufa. Vidole haviangushwi na ukoma wenyewe, kama watu wadhanivyo. Huliwa na moto, na misumari, na vidonda visivyosikika. Kidonda katika ugonjwa huu ndicho neno la mwisho, nasi twaliuliza kwanza.

Na kwa upande wa pili, yule ambaye amekwisha kuliona baka lake, na kulitambua, hujificha, kwa sababu amesikia kanisani jinsi mwenye ukoma apaswavyo kurarua nguo zake, kuziba mdomo, na kujitangaza najisi nje ya marago. Tulimsikia katekista mmoja wa mjini akiisoma sura hii mbele ya wanafunzi wa ubatizo, kisha akaeleza kwa bidii kwamba ukoma ni mfano wa dhambi. Kijana mmoja aliyekuwa akivaa mikono mirefu siku zote hakurudi juma lililofuata. Mwenzake alipomwuliza alisema, «Mwalimu amekwisha kunisoma.» Katekista hakumkusudia, wala hakumjua, alisoma tu kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilimtaja kijana kwa jina la ugonjwa wake.

Twajua maneno yatakayoletwa kinyume. La kwanza ni kwamba ukoma umekwisha kuzoeleka, na Wakristo wazee watadhani Biblia imebadilishwa. Hilo ni kweli, lakini lilisemwa pia juu ya maneno mengine mengi wakati matoleo ya kwanza ya pwani yalipounganishwa. La pili lina uzito zaidi. Tukisema pigo la ngozi, kama tupendavyo, je, hatujaingia penye hatari nyingine? Katika mitaa tunayoisema, mtu akiambiwa kwamba amepigwa, huuliza mara moja ni nani aliyempiga. Ataambiwa habari za tego na za vitu vilivyotupwa njiani, na kabla ya zahanati atapita nyumba tatu. Twakiri kwamba neno pigo lina mlango huo wa nyuma. Kwa hiyo shauri letu ni la pande mbili. Katika Walawi 13 na 14, pigo la ngozi, pigo la vazi, na pigo la nyumba yatosha, kwa kuwa kitabu chenyewe chasema kwamba pigo la nyumba latoka mkononi mwa Mungu, na msomaji hatatafuta jirani wa kumlaumu. Lakini mwalimu au muuguzi aulizaye habari za mwili asiseme pigo wala kidonda. Na aulize moja moja: baka, kipele, kinundu, lengelenge, kikoko, kidonda, kovu. Orodha hiyo si ndefu kuliko majina ya mitume, na kila mtu wa Kariakoo anaijua.

Faida yake haiishi kwa ukoma. Watu wenye ualbino hupata juu ya paji la uso na masikio vikoko vidogo vilivyokauka kwa jua, ambavyo hung'oka na kurudi pale pale. Wakisema ni kikoko tu, husikilizwa kama watu wenye upele. Na vingine katika hivyo ni mwanzo wa saratani. Hospitali iliyojengwa na Wadachi kando ya bahari mwaka 1897, ambayo sasa ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, hupokea wengine wakiwa na madonda yaliyokula hata mfupa. Kikoko kirudicho mahali pamoja kilipasa kuwa na jina lake, nasi hatuna. Twawaomba wasomaji wa mikoani, ambao labda wanalo, watuandikie.

Kuhusu Agano Jipya neno ni gumu zaidi, maana huko Kiyunani kimesema lepra waziwazi, na ukoma umeshikamana na miujiza. Wafasiri wa Union walistahi kwa kusema mtu mwenye ukoma mahali pengi, wala si mkoma, wakamtanguliza mtu na kuuweka ugonjwa nyuma yake. Tungependa mahubiri yaige hayo. Lakini kwa Naamani twaona neno lingeweza kubadilishwa bila hasara. Alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, akikaa nyumbani mwake na mkewe na watumishi wake, na mfalme akiegemea mkono wake katika hekalu la Rimoni. Mtu huyo hakuwa amefukuzwa na mtu ye yote. Alikuwa na ugonjwa wa ngozi uliomsumbua na kumwaibisha, naye alipotoka mtoni msimulizi hakusema habari za vidole wala za mishipa, alisema habari za nyama ya mwili iliyorudi kuwa kama ya mtoto mdogo. Mbalanga ingemtosha.